Mtoto Mchanga Anacheua Maziwa: Cha Kufanya, Hatua kwa Hatua

Umemaliza kumnyonyesha, umemwegemeza begani, na kabla hujakivuta vizuri kile kitambaa tayari mgongo umelowa. Maziwa yameteremka hadi kiunoni. Mwenyewe hana habari: ametulia anakodolea ukuta macho, na baada ya dakika tano anatafuta titi tena. Unabaki kujiuliza kama kuna kitu kimebaki tumboni.

Kimebaki. Takriban nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku, na hali hupamba moto karibu na mwezi wa 4 kabla ya kuanza kupungua. Kwa hiyo ukiona mtoto wa miezi 3 anacheua kuliko alipokuwa na mwezi 1, usikimbilie kudhani kuna ulichoharibu. Akianza kukaa mwenyewe hupungua, na wengi huwa wameacha wakitimiza mwaka. Wachache huburuta hadi miezi 18.

Chanzo ni maumbile. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaobana na kulegea, mfano wa mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado hujilegeza ovyo hata usipotakiwa. Juu ya hilo, chakula chake chote ni majimaji, muda mwingi amelala, na tumbo lenyewe ni dogo: siku ya kwanza linapokea kama mililita 5 hadi 7, yaani kijiko kimoja cha chai, na akifika mwezi 1 ni mililita 80 hadi 150. Likijaa pomoni halafu likaminywa kidogo, lazima limwagike.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kucheua, si kutapika

Neno lenyewe ni lile la ng'ombe na mbuzi, na linafaa sana hapa, maana chakula kinarudi mdomoni bila ugomvi. Mtoto anayecheua hafanyi bidii. Maziwa yanachuruzika pembeni mwa mdomo au yanatoka kwa mkupuo mmoja pamoja na mbweu, naye anaendelea na shughuli zake. Anayetapika utamjua kwa mwili: tumbo linakaza, uso unabadilika, analia au analegea, na kinachotoka kinasukumwa kwa nguvu. Kutapika mara moja moja si ajabu, lakini kukijirudia kunahitaji kuangaliwa, na dalili zake nimeziweka hatua ya 3.

Rangi na umbile la maziwa huwatia watu hofu bila sababu. Yakitoka mara tu baada ya kunyonya huwa kama yalivyoingia. Yakikaa nusu saa huganda kwa asidi na vimeng'enya vya tumboni, kisha hutoka mabonge mabonge yenye harufu ya uchachu. Hiyo ina maana usagaji umeanza. Haina maana kwamba maziwa ya mama "yameharibika". Yakipitia puani pia ni kawaida, kwani pua na koo vinaungana nyuma. Mfute, mpe nafasi apige chafya, basi.

Kuhusu kiasi, jaribu hili mara moja ili utulie: chukua kijiko kikubwa kimoja cha maziwa, mililita 15, ukimwage juu ya kitambaa kikavu. Angalia doa lilivyotanda. Mimi nilipojaribu nilicheka mwenyewe, maana nilikuwa nimeapa kwamba mwanangu anarudisha mlo mzima.

Hatua ya 2: Mtazame mtoto, kitambaa kiache

Wazazi wengi huhesabu vitambaa vilivyolowa. Hesabu hiyo haikwambii kitu. Mambo matatu ndiyo yanayosema kama maziwa yanamfaa.

La kwanza ni uzito. Siku za mwanzo kila mtoto hupungua kidogo, hata kufikia asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, na anatakiwa awe ameurudisha akifikisha kama wiki 2. Baada ya hapo, kwa miezi 3 ya kwanza, anaongeza wastani wa gramu 20 hadi 30 kwa siku. Usimpime kila siku nyumbani, utajitesa bure. Mizani ya kliniki, na mstari unaopanda kwenye kadi yake ya ukuaji, vinatosha.

La pili ni mkojo. Kuanzia siku ya 5 hivi alowanishe nepi 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu.

La tatu ni hali yake. Ananyonya kwa hamu? Akiamka yuko macho kweli? Kama yote matatu yako sawa, hata akicheua mara kumi kwa siku hana ugonjwa wa kutibiwa, na hatua zinazofuata ni za kupunguza usumbufu tu.

Hatua ya 3: Zijue dalili za kutosubiri

Nimeiweka hapa juu makusudi, kabla ya mambo ya kubeba na kupakata, kwa sababu mtu akishazoea kucheua kwa mtoto huweza kuzoea hata lisilozoeleka.

Nenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana, ukiona matapishi ya kijani. Kijani ni nyongo, na kwa mtoto mchanga inaweza kuwa ishara kwamba utumbo umejisokota au umeziba. Utumbo uliojisokota hukosa damu na huanza kufa ndani ya saa chache. Hili halingoji asubuhi.

Uharaka ni uleule kwa damu au kitu cheusi kama masalia ya kahawa, tumbo lililovimba na kuwa gumu, au mtoto aliyelegea na haamshiki vizuri. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3 ni ya hospitali hata kama haijaambatana na kutapika. Dalili za kuishiwa maji ni hizi: utosi umebonyea, mdomo mkavu, analia bila machozi (ingawa wachanga sana huwa hawatoi machozi hata wakiwa wazima), nepi kavu kwa saa 6 au zaidi.

Kwenye damu kuna jambo moja la kuangalia wakati unajiandaa kuondoka. Chuchu za mama zikiwa zimepasuka, mtoto humeza damu kidogo na kuirudisha na maziwa. Hutokea mara nyingi na haimdhuru. Zitazame chuchu, umweleze daktari ulichokiona, ila usiamue mwenyewe kwamba ndiyo sababu.

Halafu kuna kutapika kunakoruka. Mtoto alikuwa salama, na baina ya wiki ya 2 na ya 8, mara nyingi ya 3 hadi ya 6, anaanza kutapika kila baada ya kunyonya, maziwa yakirushwa mbali. Akimaliza ana njaa, anataka tena kunyonya. Siku zinavyopita choo kinapungua, mkojo unapungua, uzito unashuka. Hapo mlango wa kutokea tumboni kwenda kwenye utumbo umekuwa mnene na kubana njia. Hutokea zaidi kwa wavulana, hasa wazaliwa wa kwanza, na tiba yake ni upasuaji mdogo ambao watoto hupona nao vizuri. Kinachoumiza ni kuchelewa, na watu huchelewa kwa kuambiwa "watoto wote wanacheua".

Yapo mengine yasiyo ya dharura lakini yanayotaka daktari ndani ya siku chache: haongezeki uzito; anagoma kunyonya au analia na kujipinda mgongo kila anaponyonya; kinyesi kina damu au makamasi, pengine na ukurutu wa ngozi, ambavyo huweza kuashiria mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe; kucheua kumeanza kwa mara ya kwanza baada ya miezi 6; au mwaka na nusu umepita na hakujaacha.

Hatua ya 4: Rekebisha unyonyeshaji wenyewe

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote. Maziwa mengi yanayorudi husukumwa na hewa iliyomezwa, au ni ya ziada yaliyoingia haraka kuliko tumbo lilivyoweza kupokea.

Mnyonyeshe kabla hajafika kulia. Mtoto anayelia kwa njaa huvamia titi, humeza hewa, hugugumia. Dalili za mwanzo ni kugeuza kichwa huku na huku, kufungua mdomo, kuingiza ngumi mdomoni. Kulia ni dalili ya mwisho.

Angalia anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani, hasa upande wa chini. Ukisikia mlio wa tak-tak kila anapovuta, hewa inaingia. Ingiza kidole chako kisafi pembeni mwa mdomo uachie, kisha mshikishe upya. Utairudia mara tatu nne kwa mlo mmoja mwanzoni, na inachosha, lakini inalipa.

Kichwa kiwe juu kuliko tumbo, na kichwa, shingo na mwili viwe mstari mmoja. Mtoto aliyegeuza shingo ili afikie titi humeza kwa taabu. Jaribu wewe kunywa maji huku umetazama begani.

Kuna akina mama ambao maziwa hushuka kwa kasi. Mtoto anaanza vizuri, nusu dakika hivi anakohoa, maziwa yamempalia, anaachia titi na maziwa yanaendelea kuruka yenyewe. Kama ni wewe, mwachie apumzike, mruko wa kwanza uishie kwenye kitambaa, ndipo umrudishe. Au egemea nyuma, karibu kulala, mtoto awe kifudifudi juu ya kifua chako: maziwa yatalazimika kupanda kumfuata badala ya kummiminikia kooni. Mkao huu umewasaidia watu wengi ninaowafahamu kuliko dawa yoyote waliyonunua.

Usimkatize katikati ya titi kwa kuogopa atacheua. Amalize upande mmoja, aachie mwenyewe, ndipo umpe wa pili akitaka.

Kwa anayetumia chupa, pindua chupa kichwa chini. Maziwa yatoke tone kwa tone. Yakitiririka kama bomba, tundu la chuchu ni kubwa mno. Yasipotoka kabisa ni dogo mno, na atanyonya hewa kwa kuhangaika. Mkalishe nusu wima, shika chupa karibu ilale, chuchu ikiwa imejaa maziwa, na kila baada ya muda ishushe apumue. Akigeuza uso, ameshiba, hata kama zimebaki mililita 30. Kumlazimisha amalize ndiyo njia ya hakika ya kuyaona tena. Maziwa ya kopo yachanganywe kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo, na chupa izungushwe taratibu badala ya kutikiswa hadi ijae povu. Likiwepo, lisubiri litulie. Kwa jumla, mtoto wa kopo anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zikigawanywa. Kama unampa zaidi ya hapo na anacheua sana, pengine umeshapata jibu: punguza kila mlo, ongeza idadi ya milo.

Hatua ya 5: Mcheulishe, yaani msaidie atoe hewa

Fanya hivyo anapobadilisha titi, au katikati ya chupa, na tena akimaliza. Kwa mtoto anayecheua sana kufanya katikati kuna maana zaidi kuliko mwisho, kwa sababu hewa iliyo chini ya maziwa mengi ikipanda hupanda nayo.

Njia ya begani wengi wanaijua: tumbo lake kifuani mwako, kidevu juu ya bega, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine unapapasa mgongo kutoka chini kwenda juu. Kupiga si lazima, kusugua kunatosha. Angalia tu bega lisimkandamize tumbo. Kama begani kila mara anakumwagia, mkalishe pajani pako akiinama mbele kidogo, kiganja chako kimeshika kifua na vidole vimeegemeza taya, kamwe si koo. Ya tatu ni kumlaza kifudifudi mapajani, kichwa kikiwa juu kidogo ya kifua. Mimi ya tatu naipenda kwa mtoto anayelia gesi, lakini kwa aliyeshiba inabana tumbo na utajuta.

Dakika mbili tatu zikipita bila mbweu, acha. Wengine hawana hewa ya kutoa. Akiwa amelala usingizi, hakuna haja ya kumwamsha.

Hatua ya 6: Nusu saa baada ya kunyonya

Mweke wima dakika 20 hadi 30, mikononi au kifuani. Wima maana yake mgongo umenyooka. Kiti cha gari na viti vya kubembea humkunja kiunoni na kulibana tumbo, kwa hiyo havihesabiki hapa, hata kama kichwa kiko juu.

Nepi ibadilishwe kabla ya kunyonya. Kosa hili nililifanya wiki nzima: nikimaliza kumnyonyesha namlaza chali, nainua miguu yote miwili juu, halafu nashangaa mbona anacheua kila nikimbadilisha. Nikageuza utaratibu, na nusu ya tatizo ikaisha siku hiyo hiyo. Nepi na mikanda ya suruali iwe inapitisha vidole viwili tumboni. Kumrusha juu, kumchezesha na kumlaza kwa tumbo kwa mazoezi vingoje.

Anayevuta sigara avute mbali na nyumba. Moshi hulegeza ule msuli wa tumboni, na si hilo tu baya lake.

Hatua ya 7: Alale chali

Hapa ndipo watu wanapobishana zaidi. Hoja ni kwamba akilala chali akacheua atapaliwa. Inasikika kama akili ya kawaida, lakini mwili wake umepangwa kinyume na hofu hiyo. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu na umio uko chini yake. Maziwa yakipanda hayana budi kupanda mlima ili yaingie njia ya hewa, naye humeza au hukohoa. Akiwa kifudifudi njia ya hewa ndiyo inakuwa chini. Watoto wanaolazwa kifudifudi au kwa ubavu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kifo cha ghafla usingizini, na kucheua hakubadilishi hilo.

Godoro liwe tambarare na gumu kiasi. Usimwekee mto, wala usiinue upande wa kichwa kwa nguo zilizokunjwa: haipunguzi kucheua, na mtoto huteleza akajikunja kidevu kifuani, njia ya hewa ikabanwa. Marekani walipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10 mwaka 2022, baada ya vifo vya aina hiyo.

Maziwa yakimjia ghafla akiwa chali nawe unaona, mgeuze ubavu, futa kinachoonekana mdomoni, mwache akohoe. Usimning'inize miguu juu, usimpulizie puani, usichokoe kooni kwa kidole. Mtoto anayekohoa au kulia hewa inapita. Ikiwa hatoi sauti na anabadilika rangi, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini ya kifua, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Isipotosha mgeuze, bonyeza katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili, rudia, huku mwingine akiita msaada.

Vya kuacha

Usimwongezee unga au uji kwenye chupa ili maziwa yawe mazito, isipokuwa daktari amekuelekeza, tena kwa kiasi alichotaja. Usimpe maji ya kunywa kabla ya miezi 6. Dawa za kienyeji za gesi na zile za chupa zinazouzwa kama maji ya tumbo sijaona zikizuia kucheua hata kwa mtoto mmoja. Dawa za kupunguza asidi ni za mtoto mwenye maumivu au madhara yaliyothibitishwa. Hazizuii maziwa kupanda, na zikitumika bila sababu huongeza uwezekano wa maambukizi ya tumbo na kifua. Usibadilishe aina ya kopo kila wiki. Mama naye asijinyime vyakula kumi kwa kusikia. Kama daktari anashuku mzio, atamwambia aache kimoja kwa wiki 2 hadi 4, waone.

Na usiachishe kunyonyesha kwa sababu hii. Watoto wa kopo nao wanacheua, pengine zaidi.

Usafi

Maziwa hujificha kwenye mikunjo ya shingo na nyuma ya masikio, yanachacha, ngozi inakuwa nyekundu. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa. Nguo zisuuzwe kwanza kwa maji baridi. Maji ya moto hugandisha protini na doa halitoki.

Ukienda kwa daktari

Muda wa kuonana huwa mfupi, kwa hiyo andika kabla: alianza lini, mara ngapi kwa siku, muda gani baada ya kunyonya, rangi, nepi ngapi zimelowa jana, uzito wa mwisho na tarehe yake. Kama anatumia kopo, andika kiasi na unavyochanganya. Kisha chukua simu umrekodi video akiwa anacheua kweli, kuanzia anapomaliza kunyonya hadi dakika chache baadaye, kwa sababu ukifika kule atakuwa ametulia kama hajawahi kurudisha hata tone.